Mapitio ya Cities: Skylines: Kupanga Usafiri wa Umma Ndani ya Mji wa Kompyuta

Cities: Skylines ulitoka Machi 2015, na hata baada ya mrithi wake kuingia sokoni mwaka 2023, huu ndio mchezo ninaoupendekeza kwanza kwa mtu yeyote anayetaka kuelewa kwa nini mji wenye mabasi mengi unaweza bado kuwa na watu wengi wanaochelewa kazini. Wengi wanaufahamu kama mchezo wa kujenga miji, yaani kuchora barabara, kupanga viwanja, kuvuta maji na umeme, na kuangalia majengo yakiinuka. Hayo nitayaacha pembeni. Nataka kuupima kwa jambo moja tu, namna unavyomwezesha mchezaji kupanga mtandao wa usafiri wa umma wa ndani ya mji, kwa sababu hapo una nguvu kuliko michezo mingi ya aina yake, na hapo hapo una upofu ambao mtu aliyezoea usafiri wa Dar es Salaam au Nairobi atauona mapema.

Nguvu hiyo haikuja kwa bahati. Waliotengeneza mchezo huu ni Colossal Order, kampuni ndogo ya mji wa Tampere nchini Ufini, na kabla ya kugusa ujenzi wa miji walikuwa watu wa usafiri. Mwaka 2011 walitoa Cities in Motion, mchezo ambao kazi yake yote ilikuwa kuendesha kampuni ya usafiri katika Vienna, Helsinki, Berlin na Amsterdam, na mwaka 2013 wakatoa sehemu ya pili iliyoongeza ratiba za magari. Skylines umerithi mengi kutoka huko, ingawa, kama nitakavyoeleza, urithi mmoja wa thamani uliachwa nyuma.

Kuchora njia ya basi ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kudhani hakuna cha kujifunza. Unajenga depo ya mabasi, unachagua zana ya kuchora njia, unabofya ukingo wa barabara pale unapotaka kituo, unaendelea kituo kwa kituo, na ukirudi kubofya kituo cha kwanza njia inafungwa, inapewa rangi yake, na mabasi yanaanza kutoka depo. Mwanzo wa elimu yenyewe uko katika neno "ukingo". Kituo hukaa upande mmoja wa barabara, na basi hukihudumia kituo hicho likielekea upande mmoja tu. Mchezaji mpya karibu kila mara huchora duara kubwa linalozunguka mtaa mzima, kwa sababu duara linapendeza ramani na linafunga vizuri. Matokeo yake ni kwamba mkazi anayeishi kituo kimoja tu baada ya soko atafika sokoni kwa basi baada ya kuzunguka mji wote, na kwa kuwa ana akili, atachukua gari lake. Mabasi yatapita nusu tupu na barabara itajaa foleni. Dawa ni kuchora njia inayokwenda na kurudi kwenye barabara ile ile, vituo vikikabiliana pande zote mbili, au duara mbili zinazozunguka kinyume. Hakuna somo la maandishi linalokueleza hivyo ndani ya mchezo. Unaambiwa na idadi ya abiria.

Njia bora ya kuisoma idadi hiyo ni kuacha ramani na kumfuata mtu mmoja. Kila mkazi ana jina, nyumba, umri na mahali pa kazi au shule, na ukimbofya mchezo unakuonyesha anakotoka na anakokwenda, kisha unaweza kuiacha kamera imfuate. Utamwona akitoka nyumbani, akitembea hadi kituoni, akisimama kwenye kundi la wanaosubiri, akipanda, akishuka kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, akipotea chini na kuibuka upande mwingine wa mji. Wakazi hawa hawachukii kuunganisha magari mawili au matatu ilimradi safari nzima iwe fupi kwa muda, na hawachoki kutembea. Jambo hilo la mwisho ni la thamani kubwa: ukijenga kijia cha waenda kwa miguu kinachokata katikati ya mtaa mrefu, au daraja dogo la miguu juu ya barabara kuu, unaweza kuondoa magari mengi kuliko ambayo njia mpya ya basi ingeyaondoa, tena bila gharama ya kuendesha chochote. Sijaona mchezo mwingine unaosema waziwazi kiasi hicho kwamba usafiri wa umma huanza na miguu ya abiria.

Chukua mfano unaojirudia katika karibu kila mji wa mchezo huu: makazi ng'ambo ya mto, viwanda upande wa pili, na daraja moja kati yake. Wazo la kwanza ni kuchora njia tano za basi kutoka mitaa mitano, zote zikivuka daraja hadi viwandani, ili kila mtu apande gari moja na kufika. Basi la mchezo hubeba abiria 30. Njia tano zikikutana kwenye daraja moja, mabasi yenyewe yanakuwa foleni, na upande wa pili yote yanaishia kwenye taa za makutano yale yale. Mpangilio unaofanya kazi ni ule ambao wapangaji wa miji hupigania mbele ya wananchi wasiopenda kushuka na kupanda tena: njia fupi za basi zinazokusanya watu mitaani na kuwaleta kwenye kituo kikubwa kabla ya daraja, kisha chombo kimoja chenye uwezo mkubwa kinachovuka mto mara kwa mara. Tramu hubeba 90, treni ya chini ya ardhi 180, treni ya juu ya ardhi 240. Namba hizi ni ndogo ukilinganisha na vyombo halisi, kwa maana mabasi marefu ya mwendokasi peke yake hubeba zaidi ya watu 100, lakini uwiano kati yake umepangwa vizuri, na unamlazimisha mchezaji kuuliza swali sahihi kabla ya kununua chochote: watu wangapi wanapita hapa, na wanaenda wapi hasa?

Kituo kikubwa cha kuunganishia ndicho kinachofurahisha zaidi kukibuni, na ndicho kinachoadhibu zaidi kikibuniwa vibaya. Ukiweka kituo cha basi ng'ambo ya barabara kutoka mlango wa stesheni, abiria wote watavuka barabara kwa miguu, magari yatasimama kuwapisha, na mabasi yale yale yanayowaleta abiria yatakwama nyuma ya magari hayo. Ukikisogeza kituo upande wa mlango, au ukijenga njia ya miguu ya juu, foleni inayeyuka bila kuongeza basi hata moja. Nimekaa muda mrefu nikitazama kundi la watu likivuka barabara namna hiyo, na sidhani kama kuna maelezo ya kitabuni yanayoweza kuonyesha kwa uwazi zaidi kwamba mita chache kati ya vyombo viwili huamua kama mtandao mzima utapumua.

Treni zina mtego wake, na mtu asiyeujua atauona mtandao wake ukifa bila kujua chanzo. Stesheni iliyounganishwa na reli ya nje ya mji inaweza kupokea treni kutoka miji mingine, na treni hizo huja kwa wingi zikiwa na abiria wachache, zikajipanga kwenye reli moja na treni zako za ndani. Treni ya mtaani iliyojaa watu wanaokwenda kazini inabaki nyuma ya msururu wa treni za wageni. Suluhisho ni kutenganisha kabisa: stesheni moja ya treni za nje pembezoni mwa kitovu cha mji, reli ya ndani isiyogusana nayo, na kituo cha kuunganishia kati yake. Treni za mizigo nazo zipewe reli yao. Ukishafanya hivyo mara moja hutajenga tena stesheni bila kujiuliza nani mwingine anaitumia reli hiyo.

Sasa nije kwenye upungufu, maana ni mkubwa na unastahili kusemwa bila kuupunguza makali.

Mchezo huu unajua sana mahali na haujui saa. Katika Cities in Motion 2 mchezaji aliweza kupanga ratiba. Katika Skylines ratiba haipo. Kalenda inakimbia kiasi kwamba basi moja hutumia wiki kadhaa za mchezo kumaliza mzunguko wake, na mchana na usiku, vilivyoongezwa Septemba 2015 pamoja na nyongeza ya After Dark, vinakwenda kwa saa yao isiyolingana na kalenda. Hakuna msongamano halisi wa asubuhi wala wa jioni. Mtu anayepanga usafiri wa mji wa kweli hutumia nguvu zake nyingi kwenye masaa mawili ya asubuhi na masaa matatu ya jioni, ambapo magari hayatoshi, na kwenye saa za katikati ambapo magari yale yale yamekaa bure na dereva anataka mshahara. Tatizo hilo, ambalo ndilo moyo wa biashara ya usafiri, mchezaji wa Skylines hatakutana nalo isipokuwa aweke modi, yaani programu ndogo ya kuubadilisha mchezo, iliyotengenezwa na wachezaji wenzake.

Idadi ya magari nayo hugawiwa kwa namna inayopotosha. Mchezo hukadiria mabasi ya kila njia kwa kuangalia urefu wa njia na kiwango cha bajeti, bila kujali abiria wanaosubiri. Kwa hiyo njia ndefu inayopita mashambani hupewa mabasi mengi, na njia fupi yenye umati katikati ya mji hupewa machache. Masahihisho ya baadaye yaliongeza kitelezi cha kurekebisha idadi kwa kila njia, na hilo limesaidia sana, lakini mtu asipokifungua dirisha la njia moja moja ataendelea kuamini kwamba bajeti ya jumla ndiyo tatizo. Ongeza hapo kwamba wakazi hawapeani habari: stesheni moja inaweza kuwa na mamia ya watu wamesongamana huku njia nyingine iliyo karibu ikipita tupu, na anayesubiri kupita kiasi hukata tamaa tu na kuondoka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mchezo huficha ushahidi. Gari lililokwama muda mrefu kwenye foleni hutoweka. Mkazi anayefika mahali pasipo maegesho haangaiki. Gari lake linayeyuka mlangoni. Mambo haya mawili yamewekwa ili mji usigande kabisa, na kwa mchezaji wa kawaida ni msaada, lakini kwa mpangaji wa usafiri ni upotoshaji, kwa kuwa maegesho ni miongoni mwa sababu kubwa zinazomfanya mtu mwenye gari aliache nyumbani na kupanda basi. Mji ambao maegesho hayana thamani hauwezi kukuambia ukweli kuhusu thamani ya basi. Modi maarufu iitwayo Traffic Manager: President Edition inaweza kuzima hali hiyo na kuwafanya wakazi watafute maegesho kweli, na pia inakupa uwezo wa kupanga njia za kukunja, haki ya kupita kwenye makutano na taa. Kwangu mimi modi hiyo ni sehemu ya mchezo. Bila hiyo tathmini yangu ingeshuka.

Kuna pia kikomo cha hesabu. Mchezo hauwezi kuwa na zaidi ya watu 65,536 walio safarini kwa wakati mmoja, wala zaidi ya magari 16,384, na njia zote za usafiri haziwezi kupita 256. Mji mdogo hautagusa mipaka hiyo. Mji mkubwa utaigusa, na ukishaigusa sehemu ya wakazi hubaki majumbani kwa sababu kompyuta haiwezi kuwatoa, na takwimu za abiria zinaacha kumaanisha kile zilichomaanisha mwanzo. Ndiyo maana nasema mchezo huu una faida kubwa zaidi katika mji wa ukubwa wa kati.

Nimetaja Dar es Salaam na Nairobi, na nieleze kwa nini. Mchezo unachukulia kwamba usafiri wote wa umma ni wa mamlaka moja: mji unamiliki mabasi, mji unachora njia, mji unapokea nauli. Hakuna nafasi ya gari dogo la mtu binafsi linaloondoka stendi likijaa, linalogeuza njiani abiria wakiwa wachache, linalomshusha mtu popote anapoomba. Hakuna bodaboda inayommalizia mtu kilomita ya mwisho. Nimejaribu kujenga kitu kinachofanana na Barabara ya Morogoro tangu mabasi ya mwendokasi yaanze huduma Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na mchezo ulinifikisha mbali kuliko nilivyotarajia: barabara zenye njia maalumu ya basi zimo katika After Dark, njia za kulisha, yaani zile fupi za kuwaleta abiria kwenye kituo kikubwa, zinachoreka vizuri, na vituo vya kuunganishia vinaonyesha kwa haraka pale msongamano utakapotokea. Hata hivyo barabara hizo huiweka njia ya basi pembeni, penye vituo na magari yanayokunja kona, wakati mwendokasi hupita katikati ya barabara na abiria hupandia jukwaani. Mpangilio huo niliupata kwa kupakua barabara zilizochorwa na wachezaji wengine. Na swali gumu kuliko yote, yaani daladala zilizokuwa zikiihudumia barabara ile zinakwenda wapi na wenye nazo wanalipwaje, haliulizwi kabisa. Anayetumia mchezo huu kujifunza kuhusu miji yetu atambue kwamba anajifunza umbo la mtandao, na upande wa wamiliki na madereva atautafuta kwingine.

Nyongeza zinazolipiwa ni nyingi, na nyingi hazihusu usafiri. Kwa lengo letu ya lazima ni moja, Mass Transit ya Mei 2017, iliyoleta vivuko vya majini, monoreli, magari ya kebo na, lililo muhimu kuliko vyote, majengo ya kuunganishia vyombo mbalimbali chini ya paa moja. Snowfall ya Februari 2016 ndiyo iliyoleta tramu, chombo ninachokitumia kuliko kingine chochote katika miji ya kati kwa sababu kinabeba mara tatu ya basi na hakihitaji gharama ya kuchimba. Tampere yenyewe, mji wa waliotengeneza mchezo, ilifungua tramu zake Agosti 2021. Sunset Harbor ya Machi 2020 ina mabasi yanayovuta umeme kutoka waya za juu na mabasi ya kwenda miji mingine. Ni nzuri, lakini inaweza kusubiri punguzo.

Kuhusu Cities: Skylines II, uliotoka Oktoba 2023, niseme haki yake. Umerekebisha kasoro kadhaa nilizozitaja. Maegesho ni ya kweli na yanaweza kutozwa ada. Kila njia inaweza kupangiwa nauli yake na, kama katika mchezo wa kwanza, kuamuliwa iende mchana, usiku au saa zote. Wakazi wanapochagua namna ya kusafiri wanapima muda, gharama na starehe, na uzito wa vigezo hivyo hutegemea umri: vijana huangalia zaidi gharama, watu wazima muda, wazee starehe. Hilo peke yake ni hatua kubwa, kwa kuwa mchezaji anaweza kupandisha nauli na kuona nani anaachwa kituoni. Lakini ulipotoka ulikuwa mzito hata kwenye kompyuta za gharama kubwa, watengenezaji wenyewe wakakiri kwamba haujafikia kasi waliyoikusudia, na kadi ya picha iliyopendekezwa ilikuwa ya kiwango cha RTX 3080, kifaa ambacho wasomaji wengi wa lugha hii hawanacho. Monoreli na magari ya kebo hayakuwemo, wala baiskeli. Masahihisho yamekuwa yakiendelea, na mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kuanzia huko. Wengine wote wabaki na wa kwanza.

Bei ya mchezo wa msingi ilipotoka ilikuwa dola 29.99, na kwenye duka la Steam hupunguzwa mara kwa mara kwa kiasi kikubwa, hivyo hakuna sababu ya kulipa bei kamili. Ukishaupakua unachezwa bila intaneti, jambo lenye uzito kwa anayenunua bando. Kiswahili hakimo kati ya lugha zake, na anayemnunulia mtoto alijue hilo mapema, ingawa zana za usafiri zinaeleweka kwa picha na rangi zaidi ya maneno. Uuchukue wa kompyuta badala ya ule wa PlayStation au Xbox, kwa sababu modi za Steam Workshop, sehemu ya Steam ambako wachezaji hugawana kazi zao, hazipatikani kwenye mashine hizo, na uhakikishe una RAM ya gigabaiti 16 kama unakusudia kuweka nyongeza na modi nyingi. Kwa gigabaiti 8 utacheza, lakini mji ukikua picha zitaanza kukwamakwama. Anza na mchezo wa msingi na Traffic Manager peke yake, jenga mji wenye mto na daraja moja, na usinunue Mass Transit mpaka uone mabasi yamekushinda kulivusha kundi la wanaokwenda kazini.